Jivu Lisilo na Misumari

Inspekta alipofika penye darasa lililoungua, kwa wenzake kesi ilikuwa imekwisha. Mtuhumiwa yuko mahabusu, sababu inajulikana, na kesho yake asubuhi angepandishwa kizimbani kwa mauaji. Mkuu wa kituo hakumtuma kule kupeleleza. Alimtuma apige picha za kuambatisha kwenye jalada, arudi kabla ya chakula cha mchana.

Aliyekufa ni mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Aliyeshikwa ni mwenye mashine ya kusaga, ambaye wiki chache nyuma alisimama sokoni akaapa mbele ya watu kwamba ipo siku atalitia kiberiti darasa lile. Chanzo ni mkewe. Tangu mama huyo ajiunge na kisomo na kuanza kujua tarakimu, alikuwa akisimama karibu na mizani ya mumewe na kuwasomea wateja uzito halisi wa mahindi yao. Biashara ikayumba, mume akapandisha hasira, akasema aliyoyasema.

"Nilisema, ndiyo," alimwambia Inspekta kupitia nondo za mahabusu. "Hata mvua ikikawia huwa nasema nitaipiga. Umeshaniona nimeipiga?"

Alipoulizwa alikuwa wapi moto ulipowaka, akajibu kwamba alikuwa kwenye mashine yake anasafisha, peke yake. Hakuwa na shahidi, hata paka. Jambo hilo ndilo lililomsumbua Inspekta. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amewahoji wachomaji wengi, na hakumkumbuka hata mmoja aliyekwenda kuchoma bila kwanza kujitafutia mtu wa kumtetea.

Kituoni walimwita Kobe, na yeye alijua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viatu vizito, na akishaingia mahali pa tukio kumtoa ilikuwa shughuli. Koplo aliyemwendesha, mzee aliyebakiza muda mfupi astaafu, alitafuta mapema mti wenye kivuli akalaza kiti cha gari. Hakukilalia sana. Inspekta alimwita, akamkabidhi sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, imefungwa kamba, akamwambia aiburute juu ya jivu lote kuanzia mlangoni.

Darasa lilikuwa la kuta za udongo na paa la nyasi lililofungwa kwa kamba za magome. Sasa zilibaki kuta nyeusi zimezunguka jivu. Mbele kulikuwa na mlango mmoja. Nyuma, ukuta wa ndani ulikata kijichumba cha stoo, chenye mlango wa mkeka wa kuingilia darasani na mlango mdogo wa kutokea upande wa mashamba. Humo ndimo maiti ilimokutwa.

Sumaku ikanasa bawaba za mlango wa mbele, ikanasa komeo, ikanasa kifuniko cha chupa ya soda. Koplo akaizungusha tena. Hakuna kingine.

"Misumari iko wapi?" akauliza Inspekta.

Koplo akasema paa la nyasi halina misumari. Inspekta akamwambia haulizi ya paa, anauliza ya mabenchi. Jirani aliyekuwa amesimama na mikono kifuani akitazama aliitwa, akaeleza kwamba darasa lilikuwa na mabenchi mazito ya mbao ngumu, fundi wa kijijini aliyaunga kwa misumari mirefu kama kidole, na ubao wa kuandikia wenye fremu ya chuma ulikaa pale mbele. Alieleza kwa fahari, kisha akaona Inspekta anavyomtazama, akakumbuka kwamba ameacha ng'ombe bila mtu.

Mbao huungua. Misumari haiungui, na fremu ya chuma haiendi mbinguni na moshi. Kwa hiyo mabenchi yalitolewa kabla moto haujawashwa, na ubao pia. Inspekta alisimama katikati ya jivu akalitazama jambo hilo kwa pande zake zote. Mwenye mashine, kwa hasira alizokuwa nazo, angechoma na mabenchi, na ubao angeuchoma wa kwanza. Aliyewasha moto huu alilipenda darasa.

Wakahamia stoo. Huko sumaku ilikuwa na kazi. Ilileta sufuria ndogo, kikombe cha bati, kiwembe, zipu ya begi, na vyuma vya kitanda cha kukunja vilivyopinda kwa joto. Koplo alipoona kitanda akakaa chini kwenye jiwe, wala hakuomba ruhusa.

Kituoni walikuwa wameandika kwamba mwalimu aliuona moto akiwa nyumbani kwake, akakimbilia ndani kuokoa vitabu, ukamzidi. Ndivyo wanafunzi wake wote walivyosema walipohojiwa. Lakini daktari alisema mapafu yalijaa moshi, na maiti ilikutwa imelala ubavu, magoti yamekunjwa. Mtu anayekimbia kuokoa vitu hafi amejikunja ubavuni. Mwalimu alikufa usingizini, na alikufa usingizini kwa sababu pale ndipo alipokuwa akilala.

Picha alipiga. Za misumari ambayo haikuwepo hakujua azipigeje.

*

Mama mwenye nyumba alikopanga mwalimu aliishi upande wa pili wa kijiji. Aliwakaribisha kwa maneno mengi, akawafutia viti, akaulizia safari, akaulizia afya za watu asiowajua. Inspekta alimwacha azunguke mpaka akachoka. Ndipo akamuuliza mwalimu alihama lini.

Mama yule akajifuta jasho kwa upande wa khanga. Akasema yeye si mtu mbaya, ana wajukuu wa kulisha, na chumba kile ndicho kinachomweka hai. Posho ya mwalimu ilikuwa imekatika tangu mradi uliokuwa ukilipia kisomo ufunge virago. Kila mwisho wa mwezi alikuja na ahadi. Mwishowe alimwambia, mwanangu, ahadi haichemki chunguni. Mwalimu hakubisha. Alikunja vitu vyake, akafagia chumba, akamrudishia ufunguo kwa mikono miwili.

"Alikuomba nini?" akauliza Inspekta, kwa kuwa alimwona bado ana jambo.

"Alisema, mama, nakuomba wanafunzi wangu wasijue. Wakiuliza, waambie bado nakaa kwako." Akainamisha kichwa. "Na mimi nikawaambia hivyo hivyo. Bado anakaa kwangu."

Garini Koplo aliuliza kama sasa wanarudi. Inspekta akasema bado, wanakwenda wilayani.

*

Bwana Elimu, afisa wa kisomo cha watu wazima wa wilaya, alikuwa na ofisi mwishoni kabisa mwa korido, baada ya stoo ya matairi. Meza yake ilikuwa safi, na ilikuwa safi kwa sababu hakuna kilicholetwa. Alizungumza na Inspekta kama mtu aliyepata mgeni baada ya kungoja sana. Akamweleza kwamba kwenye bajeti fungu lake ndilo hugawiwa mwisho na kukatwa kwanza. Shule za watoto zina wazazi wanaopiga kelele. Hospitali zina wagonjwa. Mtu mzima asiyejua kusoma ana nini? Ana aibu yake, nayo haipigi kelele. Akasema ana vituo vilivyotapakaa vijijini na walimu wa kujitolea ambao hata majina yao anaona haya kuyataja, maana kila akiyataja anakumbuka hajawalipa.

Inspekta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza kituo kama kile cha kijijini kingewezaje kumlipa mwalimu wake.

Hapo Bwana Elimu akawa mtu wa utaratibu. Mwalimu analipwa kama kituo kimesajiliwa. Kituo kinasajiliwa kama kina jengo la kudumu, la bati na saruji. Fedha za jengo hazipo.

"Hazipo kabisa?"

"Kabisa. Isipokuwa yale majengo yaliyopatwa na maafa. Mafuriko, upepo, moto. Hayo yana mfuko wake, na huo una kitu."

Alitaka kuendelea, akasita.

Inspekta akasema taratibu, "Maneno hayo ulimwambia nani mwingine?"

Bwana Elimu akavua miwani. Akasema walikuja wanawake wawili na fundi mmoja, mwezi uliopita, wawakilishi wa wanafunzi. Kiongozi wao mama mmoja mtu mzima, mwembamba, wanamwita Kiranja. Walitaka kujua mwalimu wao atalipwa lini. Wakakaa pale pale alipokaa Inspekta. Akawaeleza hayo hayo, usajili, jengo, mfuko. Walivyokuwa wamekata tamaa akataka kuwachekesha kidogo.

"Ukawaambiaje?"

"Ilikuwa mzaha, dada yangu. Watu wanatania."

"Ukawaambiaje?"

"Nikasema, darasa lenu lina kosa moja tu, halijaungua. Lingeungua ningejua pa kuandika." Akapangusa miwani kwa tai, ikazidi kuchafuka. "Walicheka. Yule Kiranja peke yake hakucheka. Alinitaka nirudie lile neno, maafa, polepole, akaliandika kiganjani kwa kalamu yangu."

Kwenye korido karani alimngoja Inspekta mlangoni kwake. Alikuwa amesikia yote, kuta za ofisi zile zilikuwa za mbao nyembamba. Akamnong'oneza kwamba siku ya moto mwalimu mwenyewe alikuwa pale. Alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi akingoja kumwona Bwana Elimu, na Bwana Elimu alikuwa ndani tangu asubuhi akingoja aondoke. Jioni alisimama, akamshukuru karani, akaondoka kwa miguu. Kutoka wilayani hadi kijijini ni mwendo wa kumchosha punda.

Basi siku ile ikajipanga kichwani mwa Inspekta. Ilikuwa siku ya soko, kijiji kitupu. Mwalimu kaenda wilayani, na wanafunzi wanajua kaenda, wanajua na jioni akirudi atafikia kwake. Wanatoa mabenchi. Giza likiingia mwalimu anarudi hoi, anapita upande wa mashamba ili asionekane, anaingia stoo kwa mlango wa nyuma, anajitupa kitandani. Wala hafungui mlango wa kwenda darasani. Angeufungua angekuta chumba kitupu, na leo angekuwa hai.

Mlolongo ulikuwa umekamilika, ila haukuwa na ushahidi wowote wa kumpelekea hakimu. Kulikuwa na misumari isiyoonekana, mzaha wa afisa ambaye angeukana, na kijiji kizima kilichojibu polisi kwa maneno yale yale: tuliona moto, tukakimbia na ndoo, tukachelewa. Na jua lilikuwa limeshapinda kuelekea magharibi.

*

Sauti ya randa ndiyo iliyowaongoza kwa fundi. Karakana yake ilikuwa banda lililo wazi pande tatu, na katikati, juu ya vihimili viwili vya mbao, kulikuwa na jeneza. Fundi alikuwa akilainisha kifuniko. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye penseli sikioni, na alipowaona polisi randa ilisimama katikati ya ubao. Upande wa pili mama mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani alikuwa ameshika ncha ya ubao usichezecheze. Hakuhitaji kutambulishwa. Mwanamke wa tatu alikaa kwenye gogo, bakuli tupu lililofungwa kitambaa mapajani. Inspekta alimkumbuka kutoka kituoni: mke wa mwenye mashine, aliyekuwa akimletea mumewe chakula mahabusu na kumpa bila kumtazama usoni.

Inspekta akatoa pole za msiba. Wakazipokea. Akauliza mazishi ni lini, wakasema kesho mchana, ndugu wa marehemu wako mbali, darasa ndilo litakalomzika. Akasema jeneza ni zuri. Fundi akashukuru, akasema ni kazi ya haraka haraka tu.

Inspekta akapitisha kiganja juu ya ubao wa ubavuni. Upande mmoja ulikuwa umetoka kupigwa randa, mweupe, wenye harufu. Chini yake, upande ambao ungegusa udongo, ulikuwa laini kwa namna nyingine, ule ulaini wa mbao iliyokaliwa na watu kwa muda mrefu. Palikuwa na matundu ya misumari yaliyozibwa kwa vumbi la mbao na gundi. Akainama zaidi. Pembeni mtu alikuwa amechora kwa ncha ya msumari, herufi moja kubwa moja ndogo, moja imepinduka: a, e, i, o, u.

"Mbao hizi umezipata wapi, fundi?"

Fundi akasema alikuwa nazo.

"Tangu lini?"

Fundi akamtazama Kiranja. Mke wa mwenye mashine akaanza kukaza fundo la kitambaa cha bakuli ambalo tayari lilikuwa limekazwa.

Inspekta akavuta kigoda akakaa. Hakuwauliza tena. Akawaeleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za watu wengine, yale aliyoyaona: jivu bila misumari, mfuko wa maafa, siku ya soko. Akasema anajua kwamba waliochoma hawakumchukia mwalimu. Akasema kesho asubuhi mtu ambaye hakuchoma atasomewa shitaka la kuua. Mke wa mwenye mashine akainuka kutoka kwenye gogo, lakini Kiranja akamwekea mkono begani, na mkono ule ukamkalisha.

"Mume wake tutamtoa," akasema Kiranja. Sauti yake ilikuwa kavu, haina woga. "Tulikuwa tunangoja tumzike mwalimu kwanza. Tulikubaliana hivyo. Tukishamzika tuje wenyewe. Yule bwana ana mdomo mchafu, kukaa ndani siku mbili tatu hakutamuua."

"Kwa nini hamkumwambia mwalimu?"

"Angekataa." Akajifuta vumbi la mbao mikononi. "Alikuwa anatuficha kwamba halipwi, na sisi tukamficha kwamba tunajua. Tukimletea mboga anasema posho imeingia, wapelekeeni watoto. Kumbe posho gani. Tukasema jengo likija atasajiliwa, atalipwa, atakaa. Vinginevyo angeondoka, na mimi nimefika kwenye kugawanya, sijamaliza." Akapuliza vumbi juu ya ubao. "Hatukujua kama angeuona moto mapema vile. Kwake ni mbali. Sijui alikimbiaje, baba wa watu, akaingia humo kuokoa vitabu, na vitabu tulikuwa tumeshavitoa. Stoo tu ndiyo hatukuigusa, tulijua haina kitu."

Basi ndivyo walivyoamini. Koplo, aliyekuwa amesimama nyuma, akavua kofia na kuigeuza geuza mkononi. Inspekta angeweza kuacha pale. Alikuwa na ungamo, alikuwa na mbao. Lakini jalada lingesomwa mahakamani, na wangelisikia huko mbele ya watu.

"Hakukimbia," akasema. "Alikuwa ndani. Alikuwa anaishi stoo."

Akawaeleza kuhusu chumba, kuhusu ufunguo uliorudishwa kwa mikono miwili, kuhusu kitanda cha kukunja. Alipofika kwenye kitanda, fundi alishika kichwa akatoka nje ya banda, akatembea moja kwa moja kuelekea kwenye shamba la mahindi mpaka mahindi yakamfunika, wakasikia analia huko kama mtoto. Mke wa mwenye mashine akateleza kutoka kwenye gogo, bakuli likabiringika. Hakuna aliyeliokota.

Kiranja peke yake hakusogea. Midomo yake ilikuwa inatikisika kama mtu anayesoma kimoyomoyo.

"Stoo," akasema mwishowe. "Upande wa mashamba."

"Ndiyo, mama."

"Nani aliyewasha?" Koplo akauliza, kwa kuwa lazima mtu aulize.

"Mimi. Wengine niliwaambia wakae majumbani kwao na ndoo. Sikutaka mtu mwingine ashike kiberiti."

*

Asubuhi, kabla gari la mahakama halijafika, darasa zima lilikuwa limesimama nje ya kituo. Walikuja kwa miguu, wamevaa nguo za mazishi, kama walivyomwahidi Inspekta alipowaachia usiku ule wamalizie jeneza. Mkuu wa kituo aliwatazama dirishani, akatazama jalada lake lililokamilika, akamtazama Inspekta kwa jicho la mtu aliyeagiza picha akaletewa kijiji. Akatia sahihi hati ya kumwachilia mwenye mashine.

Mwenye mashine alitoka akiwa amejiandaa kutukana, maana siku zote mahabusu alikuwa anayapanga matusi. Akamkuta mkewe ameketi kwenye benchi la washitakiwa. Hakuna aliyemweleza, akaelewa mwenyewe. Alisimama mbele yake. Halafu akavua koti lake akamfunika nalo mabegani, akaenda kukaa nje kwenye ngazi, akiangalia barabara.

Maelezo ya kila mmoja Inspekta aliyaandika kwa mkono wake. Aliandika ukweli, lakini kila palipokuwa na nafasi ya huruma aliitumia. Ya Kiranja aliyaandika mwisho na kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa ndiye aliyewasha, na ndiye ambaye mwendesha mashitaka angemvaa. Karibu na mwisho akaongeza sentensi ambayo hakuna aliyeisema kwa kuwa hakuna aliyeulizwa: *Nilipowasha moto sikusikia wala kuona dalili yoyote ya mtu ndani.* Sentensi hiyo moja ndiyo iliyokuwa tofauti kati ya miaka michache na maisha yote. Akaisukuma karatasi mezani, akamwekea kalamu juu yake, akamwonyesha mahali pa kutia jina.

Kiranja hakuchukua kalamu. Aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Nimeandika kama ulivyosema, mama," akasema Inspekta. "Tia tu hapa."

"Alitukataza kutia jina chini ya kitu tusichokisoma."

Akasoma. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, akikwama kwenye maneno marefu na kuyavunja vunja mpaka yanakubali. Nje injini ya gari la mahakama ilinguruma ikazimwa. Dereva akachungulia mlangoni, Koplo akamfukuza kwa ishara ya mkono. Kidole kikashuka mstari kwa mstari. Kilipofika karibu na mwisho kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Hapa si kweli."

"Mama, hilo sikukuuliza," Inspekta akasema polepole, akimtazama machoni. "Na nisipouliza, huna haja ya kulijibu. Liache lilivyo."

"Nisingejua kusoma ningeliacha." Kidole hakikuondoka. "Nilisikia mtu anakohoa. Mara moja. Moto ulikuwa bado uko juu kwenye nyasi, haujashuka. Nikajiambia ni mbuzi wa jirani. Nikasimama pale najiambia ni mbuzi, ni mbuzi, kwa sababu nilitaka awe mbuzi. Andika hivyo."

Koplo akageukia ukuta. Inspekta alikaa na kalamu mkononi kwa muda ambao yeye mwenyewe baadaye hakuweza kuukisia, yeye aliyezoea kuandika saa kwenye kila kitu. Kisha akaikata ile sentensi yake kwa mstari mmoja, na juu ya mstari, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaandika nyingine.

Kiranja akaisoma, kuanzia mwanzo. Akatikisa kichwa kukubali. Akavuta karatasi karibu, akaibana kwa kiganja cha kushoto isiteleze, akaandika jina lake, herufi moja moja, asiruke hata moja.